Harry Widener, Kijana wa Vitabu

Ukiingia maktaba nyingi za shule utakikuta kitabu cha Treasure Island, jalada limeng'oka na kurasa za mwisho zimekwenda na wenyewe. Wengine tumekisoma kwa Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina. Basi alikuwako kijana mmoja aliyekipenda kitabu hicho hata husimuliwa kwamba hakusafiri bila nakala yake.

Jina lake Harry Elkins Widener. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1885 mjini Philadelphia, Marekani. Babu yake, Peter Widener, alitajirika kwa tramu, yale magari ya abiria yapitayo juu ya reli barabarani. Tukubaliane mapema kwamba mambo aliyoyafanya Harry hayafanywi na mtoto wa mlalahoi. Lakini watoto wa matajiri ni wengi, na si wengi ambao pesa za babu ziliwapeleka kwenye vitabu.

Ugonjwa huo ulimpata akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi walikuwa wakitayarisha mchezo wa kuigiza, naye akawa anatafuta michoro ya mavazi ya kale. Akafungua vitabu vya zamani vyenye picha za rangi na, jamani, hapo ndipo alipotekwa! Alihitimu mwaka 1907. Mwaka huo huo nakala ya mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, uliochapishwa mwaka 1623, iliuzwa mnadani London kwa pauni 3,600 na ikaishia mikononi mwake. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu.

Hata hivyo, Shakespeare hakuwa kipenzi chake. Kipenzi chake kilikuwa Robert Louis Stevenson, yule Mskoti mgonjwa wa mapafu aliyeanza kuandika Treasure Island mwaka 1881, baada ya kuchora ramani ya kisiwa akiwa na mtoto wake wa kambo siku za mvua. Sasa shida ilikuwa hii: Stevenson alifariki Samoa mwezi wa Desemba 1894, Harry akiwa na miaka tisa. Hangeweza kupiga foleni na kitabu mkononi ili atiliwe sahihi. Ilimbidi atafute nakala ambazo Stevenson alikuwa amewatilia sahihi watu wengine. Nakala kama hizo huwa na hadithi mbili, ile iliyochapwa na ile ya mkono, yaani nani alimpa nani, na kwa maneno gani.

Mkusanyaji wa Stevenson ana kazi, si mchezo. Treasure Island yenyewe ilitoka kwanza kwa vipande katika gazeti la watoto, Young Folks, mwaka 1881 na 1882, tena kwa jina la kubuni, Captain George North. Kitabu kamili kilitolewa na kampuni ya Cassell mwaka 1883. Halafu kuna vijitabu ambavyo Stevenson na mtoto wake wa kambo, Lloyd, walivichapa wenyewe kwa mashine ndogo ya kuchezea walipokuwa Davos, Uswisi. Wakati ule vilikuwa mchezo wa nyumbani. Baadaye watu wazima wakavigombania.

Harry alipata hata mswada ambao Stevenson aliandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Wengine wangeufungia sandukuni. Yeye, mwaka 1912, aliuchapisha: nakala 45 tu, za kugawa, si za kuuza. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo chake kizuri kuliko vyote alivyofanya akiwa hai, ingawa nakala 45 ni chache mno, na bila shaka mimi na wewe tusingepata.

Mwaka huo huo alikwenda London, akanunua insha za Francis Bacon, toleo dogo la 1598. Tarehe 10 Aprili yeye na wazazi wake walipanda meli ya Titanic huko Cherbourg, Ufaransa. Yaliyofuata yanajulikana. Usiku wa tarehe 14 meli iligonga mlima wa barafu, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 15 ilikuwa imezama pamoja na watu wapatao 1,500. Mama yake, Eleanor, alipata nafasi katika mashua. Harry na baba yake walibaki melini. Husemwa kwamba kile kitabu cha Bacon kilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa na miaka 27.

Wosia wake ulifunguliwa. Kumbe kijana alikuwa amekwisha kuwaza! Vitabu alimwachia mama, naye avikabidhi Harvard siku atakaporidhika kwamba chuo kina mahali pa kuvitunza vyema. Mama akaona maktaba ya zamani haifai. Basi akajenga mpya, ikazinduliwa tarehe 24 Juni 1915, ikaitwa kwa jina la mwanawe. Vile vitabu vya Harry, takriban 3,300, viliwekewa chumba chao katikati ya jengo, na picha yake ikatundikwa humo. Wanafunzi wa huko wana porojo yao, eti mama alilazimisha kila mwanafunzi ajue kuogelea kabla ya kuhitimu. Hakuna sharti kama hilo katika hati yake. Alichotaka ni jengo lisibadilishwe nje, na chumba cha mwanawe kiwekwe maua mabichi.

Mwaka 1944 kaka na dada waliobaki, George na Eleanor, walileta zawadi nyingine katika chumba hicho: Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa miaka ya 1450 huko Ujerumani. Ikawekwa pamoja na vitabu vya kaka yao.