Shaaban Robert, mjenzi wa nchi zisizo kwenye ramani

Mwaka jana mimi na wenzangu wanne tulianza mchezo wa mezani hapa Butembo. Mmoja husimulia, wengine kila mtu hushika mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama pigo limepata au limekosa. Dunia yetu ina miji inayoelea juu ya mawingu, mashine zilizoachwa na watu waliotoka nyota nyingine, na waganga wanaozifufua kwa maneno. Kwa kuwa mimi ndiye mwanaisimu wa kundi, nilipewa kazi ya kuandika historia ya dunia hiyo, majina yake na lugha zake. Nikaandika kurasa thelathini. Mwenzetu mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita upande wa Beni, alizisoma zote, kisha akauliza kwa nini hakuna humo hata jina moja ambalo bibi yake angeweza kulitamka. Nikajitetea kwamba mambo ya ajabu yanahitaji lugha ya mbali. Hakubishana nami. Aliuliza tu kama nimewahi kusoma Kusadikika.

Nilikuwa nimekisoma, lakini kwa ajili ya mtihani. Safari hii nilikisoma kama mtu mwenye kazi ileile, nikafuatilia pia maisha ya aliyekiandika.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na Tanga, wakati nchi ile ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Asili ya wazee wake ilikuwa ya Wayao, watu wa mbali na pwani hiyo. Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaozungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni. Mtu ambaye leo anaitwa baba wa fasihi ya Kiswahili hakuirithi lugha hiyo kutoka kwa mababu wa kale. Wazee wake walihamia ndani yake, naye akaijenga upya kutoka ndani.

Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Baada ya hapo akaajiriwa na serikali ya Waingereza kama karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944, Pangani na kwingineko. Kisha akapelekwa Longido, katika nchi ya Wamasai, kwenye idara ya wanyama. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya jimbo, na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Kwa maisha yake yote ya kazi, basi, alikuwa mtu wa mezani, mwenye kalamu ya mwajiri mkononi. Mashairi na riwaya aliyaandika nje ya saa za ofisi. Mke wake wa kwanza, Amina, alipofariki alimlilia kwa shairi. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Utenzi wa Adili, ili wawe na maneno ya baba hata asipokuwapo.

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Ni nchi iliyo angani, na humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akarudi na mawazo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja akalipwa kifungo. Mwaka 1952 kikafuata Adili na Nduguze, chenye majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu waliogeuzwa manyani. Kufikirika, nchi ya mfalme aliyekosa mrithi, kilichapishwa baada ya kifo chake. Ukiviweka vitabu hivi pamoja utaona mtu aliyekuwa akichora ramani yake mwenyewe huku mchana akihudumia ramani ya mkoloni. Karani wa serikali hakuwa na nafasi ya kusema hadharani kwamba watawala hawasikilizi. Lakini nchi ya angani haikuwa na mkuu wa wilaya wa kulalamika kwamba ametajwa.

Kilichonishika zaidi ni namna alivyozijenga nchi hizo. Hakubuni hata sauti moja mpya. Alichukua vitenzi sadiki na fikiri, vyote viwili vyenye asili ya Kiarabu, akavitia kiambishi -ik-, ambacho Kiswahili kinashirikiana na lugha nyingi za Kibantu, kisha akaiacha ku- ya kutajia tendo isimame kama jina la mahali. Nasi tunajua darasani kwamba -ik- hii ina uso wa aina mbili. Katika kuvunjika inaeleza hali iliyokwisha kutokea. Katika kulika inaeleza jambo linalowezekana. Kusadikika, basi, ni nchi inayoweza kuaminiwa, au nchi ambayo tayari watu wanaiamini? Sarufi hairuhusu jibu moja, na nadhani kitabu kizima kinaishi ndani ya shaka hiyo. Mimi nilikuwa nimetumia kurasa thelathini kutafuta ajabu ya namna hii katika lugha za watu wengine.

Sitaki kumsifu bila kumpima. Majina ya watu wake hayafai kwa mchezo wetu. Waziri anayeitwa Majivuno hawezi kufanya lolote ila kujivuna, na mtu anayeitwa Adili amefungwa na uadilifu wake tangu mwanzo. Kwake hilo lilikuwa sawa, maana alitaka kufundisha. Lakini mchezaji anayeshika mhusika lazima awe na uwezo wa kutushangaza, la sivyo dadu hazina kazi. Kwa hiyo nimechukua kwake majina ya mahali, na majina ya watu nimewaachia wenzangu wayatafute majumbani mwao.

Alikuwa pia mtu wa taasisi. Alihudumu katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akapewa tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Waingereza. Mwaka 1958 wasifu aliouandika wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, ulichapishwa. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na yeye akafariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Machui, alikozaliwa. Aliiona nchi halisi ikizaliwa, ila kwa miezi sita tu.

Kuna watakaouliza kama ni halali vijana wa Butembo na Beni kukaa wakibuni nchi za angani wakati barabara ya kwenda shamba haipitiki. Mimi mwenyewe nimejiuliza, hasa jioni tunapolazimika kufunga mchezo mapema ili kila mtu awahi kufika kwao. Maisha ya Shaaban Robert hayanipi jibu kamili, lakini yananionyesha kwamba kubuni nchi kunaweza kuwa njia ya kuiongelea ile unayoishi, pale ambapo kuitaja moja kwa moja kuna gharama. Wajumbe sita waliofungwa kwa kuleta habari za kweli hatuhitaji kuelezwa ni akina nani.

Nimeziweka kando zile kurasa thelathini. Jimbo la kwanza la dunia yetu mpya, lile lililo chini kabisa ya mawingu, linaitwa Kusahaulika. Mwenzetu wa Beni aliposikia jina hilo aliuliza mara moja swali la kisarufi bila kujua kwamba ni la kisarufi: wakazi wake wamekwisha kusahauliwa, au wanaweza tu kusahauliwa? Nikamwambia hilo sitaliandika kwenye historia. Jumamosi ijayo yeye ndiye atakayeshika mjumbe wa kutoka huko, naye amekwisha kumpa jina la bibi yake.