John Hanning Speke na Kipimo cha Unene

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Alipokuwa kijana alikuwa askari katika Bara Hindi. Mwaka 1857 alisafiri nchini kwetu pamoja na Richard Burton. Msafara wao ulivuka mbuga ya Mkata ukafuata bonde la mto Mkondoa, katika sehemu ambazo leo ni wilaya ya Kilosa, wilaya yenye kijiji cha Tindiga. Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa Nyanza, ambalo wakazi wa kando yake walilijua tangu zamani.

Mwaka 1861 alifika Karagwe kwa mfalme Rumanika. Huko wanawake wa jamaa ya mfalme walinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe, kwa maana unene ulihesabiwa kuwa uzuri. Speke alimwona binti mmoja akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Baadhi ya wanawake walinenepa hata wasiweze kusimama.

Speke alimpima shemeji mmoja wa mfalme. Mzunguko wa mkono wake ulikuwa kama sentimita 58, kifua 132 na paja 79. Vipimo hivyo alivichapisha katika kitabu chake mwaka 1863. Mwaka uliofuata alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda.

Katika vipimo hivyo kiuno hakimo. Leo tunajua kuwa hicho ndicho kipimo muhimu. Mafuta ya mapajani hukaa zaidi chini ya ngozi. Mafuta mengi ya tumboni huzunguka ini na utumbo, nayo huongeza hatari ya kisukari na maradhi ya moyo. Kwa hiyo watu wawili wenye uzito sawa huweza kuwa na hatari tofauti.

Jaribio

Kata kamba ya mkonge iliyo sawa na urefu wako. Ikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni. Ncha zikikutana bila kubana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako. Zisipokutana, mwambie mzazi akupeleke zahanati upimwe vizuri. Usimcheke mwenzako.

Maswali

1. Kwa nini watu wa jamaa ya mfalme walipenda unene?
2. Speke angepima nini zaidi?
3. Kwa nini macho peke yake hayatoshi kupima unene?