Daudi Kabaka, mfalme wa twisti

Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, alipata jina Nairobi katika Equator Sound, bega kwa bega na Fadhili William, mtoto wa Taita, kwetu Pwani. Twisti ilipoingia kutoka Marekani, Kabaka aliiimba kwa Kiswahili hadi akaitwa mfalme wake. Mwaka 1968 The Tremeloes wa Uingereza walirekodi Helule Helule, wimbo wake, ukavuma huko. Kabaka alifariki mwaka 2001. Leo wakusanyaji wa ng'ambo wanazisaka santuri za zama zile. Enyi wazee wetu, wa Mombasa hata Kitale na Bungoma, kama mnazo kabatini, msiziuze kabla wajukuu hawajazisikia.