ABRAHAM LINCOLN, MTU ALIYESOMA POLEPOLE



Mara hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake wote tunalijua toka darasa la historia, lakini ginsi alivyosoma haijulikani sana. Ni Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, aliyeongoza inchi yake tangu mwaka 1861 mpaka 1865, wakati wa vita vya ndugu na ndugu.

Tumemchagua kwa sababu hii. Katika mwaka wa tano na wa sita tuko na wengi wanaotamani kuwa avoka ao zuzi. Wanajua kama sheria iko na maandishi mingi, maneno magumu na mafungu marefu. Na kuna mwanafunzi anayefungua ukurasa, anausoma mpaka chini, anafunga kitabu, na ukimuuliza ukurasa ulisema nini, anabaki kimya. Macho yalipita, lakini akili haikupita pamoja nayo.

Ugonjwa huu si wa kwetu peke. Hata kule Marekani, kijana anayetaka kuingia shule ya sheria anafanya kwanza mtihani unaoitwa LSAT, ulioanza mwaka 1948. Sehemu moja ya mtihani ule ni kusoma fungu gumu, kisha kuonyesha kama umelielewa. Pale kukariri hakusaidii kitu. Lincoln alikuwa amekufa miaka zaidi ya 80 mbele ya mtihani ule kuanza. Lakini uwezo ambao mtihani unatafuta, yeye aliujenga ndani yake bila shule ya sheria na bila mwalimu wa sheria. Tuangalie namna gani.

UTOTO WAKE

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky, ndani ya nyumba ya miti yenye chumba kimoja. Mwaka 1816 baba yake, Thomas, alihamisha jamaa mpaka Indiana, mahali pa pori. Mwaka 1818 mama yake, Nancy, alikufa kwa ugonjwa unaotoka katika maziwa ya ngombe waliokula majani ya sumu. Mtoto alikuwa na miaka 9. Mwaka uliofuata baba alioa mjane, Sarah Bush Johnston. Mama huyu hakujua kusoma, lakini alileta vitabu vichache pamoja na vyombo vyake, na alimpenda mtoto huyu sawa vile alimzaa yeye mwenyewe. Alipomwona anasoma, alimwacha asome.

Kwa kuhesabu siku zote alizoingia shuleni, Lincoln hakufikisha hata mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa shoka na shamba. Vitabu alivyopata vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole: Biblia, hadizi za Aesop, Safari ya Msafiri, Robinson Crusoe, na maisha ya George Washington. Hiki cha mwisho alikiazima kwa jirani, mvua ikakilowesha, na juu ya kukilipa alifanya kazi katika shamba la mwenye kitabu. Kwa kuwa vitabu vilikuwa kidogo, alivirudilia mara mingi. Hakuwa mtu wa kumaliza kimoja na kukimbilia kingine.

Mama yule wa kambo ndiye aliyesimulia desturi yake. Mtoto alipokutana na maneno yaliyomgusa, aliyaandika. Kama karatasi haikuwako, aliyaandika juu ya kipande cha ubao, akayachunga pale mpaka apate karatasi. Kisha aliyaandika tena, akayaangalia, akayasema kwa kinywa mpaka yakae ndani yake.

Na kuna jambo lingine, ambalo sisi tunaliona kuwa mzizi wa maisha yake yote. Alipokuwa mkubwa alieleza kama tangu utoto kitu kimoja kilimkasirisha kuliko vyote: mtu kusema maneno ambayo yeye hakuyaelewa. Majirani walikuwaka wanakuja jioni kuongea na baba yake. Walipokwenda, mtoto aliingia katika kachumba kake, akatembea huku na huku sehemu kubwa ya usiku, akitafuta maana ya maneno fulani waliyosema. Na hata alipoipata hakulala. Alitafuta kwanza namna ya kuyasema maneno yale kwa luga rahisi, ambayo kijana yeyote wa kijiji angeielewa. Hapo ndipo alipumzika.

Ndugu wasomaji, tushike neno hili. Kwake, kuelewa kulikuwa kuweza kusema jambo upya kwa maneno yake mwenyewe.

Kule Indiana bado, aliazima kwa mtu mmoja kitabu cha sheria za jimbo lile. Ndani yake mlikuwa pia Tangazo la Uhuru wa Marekani na Katiba ya inchi. Ndicho kitabu chake cha kwanza cha sheria.

KIJANA KATIKA NEW SALEM

Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, alifika katika kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois. Kijiji hiki hakikufikisha hata watu 300. Alifungua duka pamoja na mwenzake, duka likafa, likamwachia deni alilolilipa kwa miaka mingi. Mwaka 1833 alipewa kazi ya posta, na pale alipata nafasi ya kusoma magazeti ya watu. Alijifunza tena kupima mashamba: alipata dira na mnyororo, akachukua vitabu vya kazi ile, akaanza.

Lakini mbele ya kugusa sheria kwa nguvu, alifanya jambo ambalo wengine wangeliona kuwa la watoto. Akiwa na miaka 23 hivi, mtu mzima, alitafuta kitabu cha sarufi ya Kiingereza, akakisoma toka mwanzo. Luga ile ilikuwa ya mama yake, lakini aliona kama kuisema si sawa na kuijua. Alifanya vizuri. Sheria ni maneno. Kama katika fungu hujui nani anatenda na nani anatendewa, hutajua nani anapaswa kulipa na nani kulipwa. Kwetu sheria zinaandikwa Kifaransa, na saa ya sarufi ya Kifaransa inaanza pale kazi ya avoka inaanzia.

Mwaka 1834 alichaguliwa kuwa depite katika baraza la jimbo la Illinois. Mwenzake mmoja, avoka John Todd Stuart, alimtia moyo kusoma sheria, akamwazima vitabu vyake. Stuart alikaa katika mji wa Springfield, zaidi ya kilometa 30 kutoka New Salem. Lincoln alivichukua vitabu, akarudi navyo kijijini, akavisoma peke yake. Kitabu cha kwanza na kikubwa kilikuwa kile cha Mwingereza William Blackstone juu ya sheria za Uingereza, vitabu vinne vilivyotolewa mwaka 1765 mpaka 1769. Ni maandishi mazito, mafungu yake ni marefu, na hayasomwi mbiombio. Watu wa kijiji walimkuta chini ya mti, akisogea kidogo kidogo kufuata kivuli. Wengine walimcheka.

Wakati ule hakukuwa mtihani wa kuandika kama wa leo. Tarehe 24 Machi 1836 tribinali ya wilaya ilimwandika kuwa mtu mwenye tabia njema. Tarehe 9 Septemba mwaka ule alipata ruhusa ya kufanya kazi ya sheria, na tarehe 1 Machi 1837 jina lake liliandikwa katika orodha ya maavoka wa Illinois. Mwezi wa nne alihamia Springfield juu ya farasi wa kuazima, mali yake yote ndani ya mifuko miwili.

NAMNA YAKE YA KUSOMA

Tangu 1844 alifanya kazi na avoka William Herndon, ambaye kisha aliandika maisha yake. Herndon alisoma vitabu mingi kuliko yeye. Na kitu kimoja cha Lincoln kilimchokesha: kila asubui Lincoln alilala juu ya kiti kirefu, akafungua gazeti, akasoma kwa sauti. Siku moja Herndon alimwuliza sababu. Lincoln alijibu kama mtu akisoma kwa sauti anashika jambo kwa njia mbili: macho yanaona na masikio yanasikia, basi halipotei mbio.

Alijijua pia kuwa mtu wa polepole. Alimwambia rafiki yake kama akili yake ilikuwa mfano wa chuma: ni ngumu kuandika kitu juu yake, lakini kikiisha kuandikwa, ni vigumu sana kukifuta. Hakuona haya juu ya hiyo.

Mwaka 1847 mpaka 1849 alikuwa depite Washington. Aliporudi kwa kazi ya sheria, alichukua vitabu sita vya Euclide, yule Mgiriki wa jometria tunayemjua kwa kazi ya pembe na mistari, akavisoma karibu vyote mpaka avishike. Alikuwa amekwisha kupita miaka 40, hakuna mwalimu aliyemlazimisha. Alitaka kujua nini ni kuhakikisha jambo, ginsi neno moja linazaa lingine mpaka mtu asiweze kukatala.

MATUNDA YAKE

Tarehe 7 Mei 1858, katika mji wa Beardstown, alimtetea kijana William Armstrong aliyeshitakiwa kuua mtu. Wazazi wa kijana walikuwa rafiki zake tangu New Salem, na baba alikuwa amekwisha kufa. Shahidi alisema kama aliona kila kitu usiku ule, kwa kuwa mwezi ulikuwa juu na uliangaza sana. Lincoln alimwacha arudilie neno hilo mara mingi. Kisha alitoa kalenda ya mwaka ule, ile inayoonyesha saa za jua na za mwezi, akawasomea wahukumu mstari wa tarehe ile. Saa ile mwezi ulikuwa chini, karibu kuzama. Kijana aliachiliwa, na Lincoln hakumwomba mama yake hata senti. Maisha ya mtu yaliokolewa na mstari mmoja uliosomwa sawasawa.

Kisha ilikuja kazi kubwa zaidi. Inchi ilikuwa inagombana juu ya utumwa: Serikali ya katikati iko na uwezo wa kuukataza katika maeneo mapya ao hapana? Wapinzani walisema kama wazee walioandika Katiba hawakutaka Serikali iguse jambo lile. Lincoln hakujibu kwa makelele. Kwa miezi alikaa na maandishi ya zamani, akifuata majina ya wale wazee 39 waliotia sahihi, mmoja mmoja, akitafuta ginsi kila mmoja alipiga kura wakati jambo lile lilipokuja mbele yake. Alikuta 21, ni kusema zaidi ya nusu, ambao matendo yao yalionyesha kama Serikali iko na uwezo ule. Tarehe 27 Februari 1860 alileta haya yote mbele ya watu wa New York. Tangu siku ile inchi nzima ilianza kumwangalia, na mwezi wa 11 alichaguliwa kuwa Rais.

Tarehe 1 Januari 1863 alitoa tangazo la kuwafungua watumwa. Wengine walishangaa kuona linagusa tu sehemu zilizoasi. Lakini yeye aliisoma Katiba kama mwanasheria: akiwa mkubwa wa jeshi wakati wa vita, uwezo wake ulifika pale, haukupita. Ndiyo maana alipigania Katiba yenyewe igeuzwe. Depite walikubali tarehe 31 Januari 1865, na mwezi wa 12 mageuzi yalitimia, utumwa ukakatazwa katika inchi yote. Yeye hakuiona siku ile. Alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865 ndani ya nyumba ya michezo kule Washington, akafa kesho yake asubui.

Hata maneno yake yalizaliwa na kusoma kule. Hotuba yake ya Gettysburg, tarehe 19 Novemba 1863, iko na maneno kama 270 tu, na wanafunzi wa Marekani wanaisoma hata leo. Mtoto aliyetafuta usiku maneno ambayo kijana wa kijiji angeelewa, ndiye aliyeiandika.

TUFANYE NINI?

Lincoln alipokuwa avoka anayejulikana, vijana walimwandikia kumwuliza namna ya kuwa mwanasheria. Aliwajibu kama mahali si kitu, na mwalimu pia si lazima. Upate vitabu, uvisome mpaka uelewe misingi yake, na uwe umekata shauri moyoni kwamba utafika.

Basi ndugu wanafunzi, ninyi hasa mnaotazama mbele kwenye masomo ya sheria, saa ya kujifunza jioni chukueni fungu moja tu la kitabu kigumu. Lisomeni kwa sauti ndogo, bila kusumbua wenzenu. Tafuteni nani anatenda, anatenda nini, na kwa sababu gani. Kisha fungeni kitabu, na mwambieni mwenzenu wa mwaka wa pili, kwa Kiswahili cha nyumbani, fungu lile lilisema nini. Kama yeye hakuelewa, fungueni tena kitabu. Kama alielewa, geuzeni ukurasa.