Archimedes na Taji la Mfalme

Mtu achukuaye debe la asali kichwani, akashuka nalo kutoka milima ya Nguru mpaka soko la Turiani, shingo yake humfundisha jambo ambalo macho hayalioni. Debe la lita 18 likijaa maji, uzito wake ni kilo 18. Likijaa mafuta ya taa, hupata kilo 14 na kitu. Likijaa asali, hupata kilo 25 hivi. Hata debe tuliitalo tupu lina hewa ndani yake, yapata gramu 20. Ujazo ni mmoja, uzito ni mbalimbali. Katika watu wa kwanza waliotufungulia njia ya elimu hii ni Archimedes.

Alizaliwa yapata mwaka 287 kabla ya Kristo katika Syracuse, mji wa Wayunani kisiwani Sicily. Yasimuliwa kwamba mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu amfanyizie taji. Taji lilipoletwa, uzito wake ulikuwa sawasawa na wa dhahabu ile. Lakini watu wakanong'ona kwamba sonara ameiba dhahabu na kutia fedha badala yake. Mfalme akamtaka Archimedes aivumbue kweli pasipo kuliharibu taji.

Akafikiri sana. Siku moja alipoingia katika birika la kuogea, akaona maji yakimwagika kadiri mwili wake ulivyozama. Mara akafahamu kwamba kitu kizamacho huondoa maji yenye ujazo sawa na wake. Kilo moja ya dhahabu ni sentimita za ujazo 52 hivi, na ya fedha ni 95. Basi taji lililotiwa fedha litamwaga maji mengi kuliko dhahabu safi ya uzito ule ule. Akapima, na hila ikadhihirika.

Warumi walipouzingira mji, mzee huyu alibuni mitambo ya kurusha mawe, ikawazuia siku nyingi. Mji ulipoanguka, mwaka 212 kabla ya Kristo, askari mmoja alimwua, ijapokuwa jemadari Marcellus alitaka ahifadhiwe.

Nawe mwanafunzi, ukiuziwa kilo 10 za asali, usidhani ni lita 10. Lita moja ya asali ni kilo 1.4 hivi, gawanya 10 kwa 1.4, utapata lita 7 na kidogo. Ajuaye hesabu hii hadhulumiwi sokoni, wala hamdhulumu mwenziwe kwa kutojua.