Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, Mwana wa Manyema

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika ukurasa huu wa maisha ya wanavyuoni, safari hii tumemchagua Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Huenda mtu akauliza, sheikh wa Bagamoyo anatuhusu nini sisi wa Ujiji? Anatuhusu sana. Asili yake ni Manyema, ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki, na nyumba nyingi za Ujiji zina babu au bibi aliyetoka huko huko.

Ramiya alizaliwa katika karne ya 19, wakati nchi ya Manyema imechafuka kwa biashara ya pembe na watumwa. Tusifichane: wengi wa wafanya biashara hao walikuwa Waislamu. Vijiji vilichomwa, watu wakafungwa minyororo. Mateka walivushwa ziwa kwa majahazi na mitumbwi, wakashushwa hapa Ujiji, kisha wakaendeshwa kwa miguu kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama 1,200. Ukiitazama leo ile miembe ya zamani ya Ujiji, kumbuka kwamba msafara haukuwa na huruma na mtoto aliyechoka.

Ramiya alifikishwa pwani akiwa bado mtoto. Aliingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu wa Oman mwenye mashamba, ambaye baadaye alikuwa liwali wa Bagamoyo. Hakuwa na baba wala mjomba wa kumpeleka chuoni na kumlipia maalim. Alipokua alifanya biashara ndogo ya samaki, akaweka akiba kidogo kidogo, akanunua shamba la minazi. Basi huyo ndiye aliyeamua, akiwa mtu mzima mwenye kazi zake, kwamba sasa atasoma.

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze kusoma kwa zama zile kulivyokuwa, maana wengi wenu mmezoea darasa la kwanza, la pili na la tatu, na mtihani wa siku moja kwa wote. Katika chuo cha zamani kila mtoto alikuwa na ubao wake na somo lake. Mmoja yuko alifu na bee, aliye ubavuni mwake ameshafika juzuu Amma, na wote wamo katika kibaraza kimoja. Maalim humwita mmoja mmoja amsikilize. Aliyehifadhi anasonga mbele siku ile ile, ambaye bado anarudi na ubao wake, na hapana aliyemngoja mwenziwe. Ukihitimu msahafu, milango ya darsa imefunguliwa. Hapo mwanafunzi mwenyewe humtafuta sheikh na kumwomba amsomeshe kitabu fulani. Katika fiqhi ya Kishafi wengi walianza na Safina, na wenye pumzi wakafika Minhaj. Kitabu kikichukua miezi mitatu, sawa; kikichukua miaka mitatu, sawa vile vile. Hapakuwa na cheti cha mwaka. Palikuwa na ijaza, yaani idhini ya sheikh kwamba kitabu hiki umekielewa na unaweza kumsomesha mwingine.

Mpango huu una kasoro zake. Mvivu aliweza kukaa na ubao mmoja mwaka mzima, na fimbo ilitembea. Lakini ulikuwa na nafasi kwa mtu kama Ramiya. Shule za serikali ya Kijerumani zilizofunguliwa pwani miaka ya 1890 zilikuwa za watoto na vijana wa kufunzwa ukarani. Muuza samaki mtu mzima angeketi benchi gani?

Ramiya alimwendea Sheikh Abubakar bin Taha al-Jabri, akasoma kwake kitabu baada ya kitabu. Haikuwa rahisi. Waungwana wa mji walimhesabu mtumwa, na elimu ya dini waliiona kuwa mali ya koo zao. Yeye aliendelea mpaka akawa mwalimu, akafungua madrasa yake mwenyewe. Waliojaa kwake walikuwa watu wa namna yake: watu wa bara, waliokuwa watumwa na watoto wao. Alijiunga pia na tariqa ya Qadiriyya, akawa khalifa wake mkubwa katika Bagamoyo, na wafuasi wake wakaenea kuelekea bara kwa njia ile ile ya misafara.

Nikiwa mwalimu napenda kusema neno hapa. Katika madrasa yetu wapo vijana wakubwa wanaovua dagaa. Siku za giza wako ziwani na taa zao usiku kucha, hatuwaoni. Mbalamwezi ikitoka wanakuja, wanakuta watoto wa miaka tisa wamewapita, wanaona haya, na wengine hawarudi tena. Kosa ni letu tunaowapanga wote mstari mmoja. Tuwasikilize mmoja mmoja, kila mtu pale alipoachia.

Turudi kwa sheikh wetu. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliitwaa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani, na Sheikh Ramiya akafanywa liwali wa mji. Mtoto aliyeletwa utumwani akashika cheo alichokuwa nacho bwana wake wa zamani, na wakati huo utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa kabisa katika sheria za Tanganyika. Ulifutwa mwaka 1922. Waungwana waliomdharau sasa walimpelekea mashauri yao. Hata hivyo aliendelea kusomesha.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, Allah amrehemu. Mwanawe, Sheikh Muhammad, alirithi madrasa na uongozi wa tariqa, na kwa miaka mingi watu wa bara walikuwa wakiteremka Bagamoyo kila mwaka kwa ziara, wakifuata njia aliyopitishwa yeye akiwa mtoto.