Konga Vantu: mtumishi aliyeridhika kando ya Ziwa Mweru

Ukitoka Kasenga na kuufuata mto Luapula kuelekea kaskazini, maji yanakufikisha Ziwa Mweru. Ukipita Kilwa, kabla ya Pweto, utaikuta Luanza. Hapo aliishi na kufa Dan Crawford, mtu ambaye wazee wetu walimwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu.

Alizaliwa Gourock, Scotland, mwaka 1870, mwana wa nahodha wa mashua. Mwaka 1889, akiwa bado kijana, alisafiri pamoja na Frederick Arnot, mmisionari wa kwanza kufika Garenganze. Walishuka pwani ya Angola, na toka huko safari ilikuwa ya miguu. Crawford alifika Bunkeya mwaka 1890.

Hakukuta raha. Mfalme Msiri aliwatendea wamisionari kama watu wake wa kutumwa. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Mji mkuu ukavunjika, njaa ikaingia, watu wakatawanyika.

Wengi wangeona kwamba kazi imekwisha. Crawford aliona watu wanaotafuta mahali pa kukaa. Alielekea Mweru, na wakimbizi na watumwa wa zamani wakamfuata. Ndipo kijiji cha Luanza kikazaliwa, na jina lake likapata maana. Mwaka 1896 alimwoa Grace Tilsley, akakaa naye ziwani.

Alikaa miaka 22 bila kurudi kwao hata mara moja, hadi 1911. Hali zake hazikuwa nyepesi: homa, umbali, barua za kungojewa miezi mingi. Lakini hakuishi kama mtu anayehesabu siku za kuondoka. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Yeye alilishika jembe lake bila kungoja kupewa. Alikaa na wazee, akasikiliza namna wanavyofikiri, akajifunza lugha yao. Agano Jipya katika Kiluba-Sanga lilitoka mwaka 1904, na kabla ya kufa alikuwa ameikamilisha tafsiri ya Biblia nzima.

Hakuwa malaika. Alipenda njia zake mwenyewe, na wenzake hawakuona rahisi kufanya kazi naye. Kuridhika hakukumfanya mkamilifu, kulimfanya abaki.

Usiku mmoja mwaka 1926 aligonga mkono wake gizani, akakidharau kidonda. Sumu ikaingia katika damu, na tarehe 3 Juni akafariki.

Ndugu na dada, tusimwambie mwenye njaa kwamba shida yake iko moyoni tu. Crawford hakuwahubiria wakimbizi furaha na kuwaacha porini. Alikaa nao mpaka wakawa na kijiji. Lakini hakungoja nchi itulie kwanza ndipo afurahi. Paulo naye aliwaandikia Wafilipi juu ya furaha akiwa amefungwa minyororo.

Leo wengi wetu tumehamishwa na vita, au tunasema tutamshukuru Mungu siku kazi ikipatikana. Tujiulize: mahali hapa nilipo, ambapo sikupachagua, ni nani ninayeweza kumkusanya leo?